Ufunguo wa Windows 11 wa dukani unaruhusiwa kwenye mashine pepe ya kukodi?

mzee_wa_risiti
Wakuu, habari za jioni. Naandika programu ya stoo na mauzo ya maduka ya dawa, peke yangu, hapa Mbagala. Wateja kumi na mmoja, wote wana Windows 10 au 11. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Nikiwasha VirtualBox, programu ya kuendesha Windows nyingine ndani ya laptopu, feni inalia kama mashine ya kusaga, mke wangu anahama sebule.

Mwezi uliopita nikakodi mashine pepe Amazon, yaani kompyuta iliyo ndani ya seva zao, unaitumia kwa intaneti. Windows 11 sikuiona kwenye orodha, nikachukua Windows Server 2022, ile ya seva. Nimetesti siku tatu, kila kitu safi. Napeleka toleo jipya dukani, mhudumu anabonyeza "Hifadhi", risiti inatoka, stoo haipungui. Jioni mama mwenye duka kanipigia: Panadol zake ni zile zile 400 tangu asubuhi. Nikapanda bodaboda usiku kwenda kurudisha toleo la zamani.

Nikasema basi, nitafute Windows 11 yenyewe. Azure, huduma ya Microsoft ya kukodisha mashine kama hizo, inayo. Ila wakati wa kuunda mashine kuna kisanduku cha kutiki, unathibitisha kwamba una leseni yenye haki ya kutumika kwenye seva za kukodi. Ninao ufunguo (namba ya kuwashia) wa Windows 11 Pro niliouziwa 35,000 Kariakoo na unakubali vizuri tu. Nitiki?

mlinzi_wa_seva
Usitiki, mkuu. Ufunguo kukubali ni jambo moja, kuwa na leseni ni jingine. Leseni iliyokuja na kompyuta inakufa na kompyuta hiyo. Ile ya rejareja unaweza kuihamisha, lakini kwenda kompyuta yako nyingine. Seva ya Azure mko wapangaji wengi, na hapo inatakiwa haki ya ziada, kama inayokuja na Windows Enterprise (ya makampuni) E3 au E5 ya kulipia kwa kila mtumiaji. Pro peke yake haina, hata ungeinunua kwa bei kamili. Na hiyo ya 35,000 nisingeiweka hata kwenye kompyuta ya nyumbani.

Amazon hukuiona kwa sababu hiyo hiyo. Windows Server wanakukodisha, leseni yake imo kwenye bei ya saa. Windows ya mezani, kama 10 na 11, unaenda na leseni yako mwenyewe, kwenye mashine isiyo na mpangaji mwingine, na tangu Oktoba 2019 Microsoft wamebana masharti ya hata njia hiyo. Shukuru wateja wako hawana Mac: Apple wanataka ukodi mashine kwa muda usiopungua saa 24 mfululizo, hata kama jaribio lako ni la dakika kumi.

dada_wa_majaribio
Mlinzi yuko sahihi. Njia ya halali ya mtu kama wewe ni usajili wa kulipia wa Visual Studio, zana ya Microsoft ya kuandikia programu. Wenye nao wanaruhusiwa kuwasha Windows 10 na 11 ndani ya Azure, kwa kuandika na kupima programu tu. Kila anayetesti awe na wake. Ukimfungulia mama wa duka auzie humo, umeshatoka nje ya leseni. Visual Studio Community ya bure haimo.

Lakini kaka, kabla hujatoa hela: kwenye ile Server uliingia kwa akaunti gani? Na faili la stoo linakaa wapi?

mzee_wa_risiti
Administrator, ile waliyonipa. Faili liko kwenye folda ya Program Files, pamoja na programu yenyewe.

dada_wa_majaribio
Umeona sasa. Administrator wa Server anaandika popote bila kuulizwa. Mhudumu wa duka ni mtumiaji wa kawaida, Program Files anazuiwa, na programu yako inalimeza kosa bila kusema kitu. Hamishia faili kwenye folda ya ProgramData, na wakati wa kusakinisha uweke ruhusa ya watumiaji wote kuliandika, maana ukilisahau hilo utarudi na bodaboda tena.

Kwa Windows 11 yenyewe, Microsoft wanatoa toleo la majaribio la Enterprise, siku 90, halidai ufunguo. Weka kwenye kompyuta ya mezani yoyote inayolibeba. Zikiisha siku linajizima kila baada ya saa moja, kwa hiyo usije ukamwekea mteja.

mzee_wa_risiti
Nimerudi. Kwenye Server ile ile nimeunda mtumiaji wa kawaida nikamwita "mhudumu". Nimebonyeza Hifadhi: risiti imetoka, stoo haikupungua. Kosa lilikuwa pale pale siku zote tatu na mimi nimekaa juu yake.

Toleo la siku 90 nitaliweka kwenye kompyuta ya mdogo wangu, akikubali kuacha gemu. Hiyo 35,000 bado sijamwambia mke.