Ushauri: Mtoto njiti wa kilo 1.8 anaruhusiwa keshokutwa, na Njombe ni baridi kali

Baba Njiti

Habari zenu wakuu. Mtoto wetu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 32, uzito kilo 1.4. Leo ana siku 26 na kilo 1.8, ananyonya kisha anamaliziwa kwa kikombe, na daktari kasema tunaruhusiwa keshokutwa. Tunaishi Njombe, na mwezi huu wa saba baridi ya usiku mnaijua. Wodini kuna hita, nyumbani hakuna. Nimefikiria kuweka jiko la mkaa chumbani na kumfunika mablanketi mazito. Ni sawa? Maziwa nayo tutajuaje yanamtosha? Bibi yake anasema apewe maji ya uvuguvugu kidogo kwa ajili ya chango. Naombeni mwongozo.

Nesi wa Zamu

Hongereni sana kaka. Jiko la mkaa msiliingize chumbani kabisa, hata kwa dakika kumi. Chumba kikifungwa, mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kufa usingizini. Dirisha likiachwa wazi, baridi inarudi palepale na moshi bado unamwumiza mapafu.

Blanketi halitengenezi joto, linatunza lililopo. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, kwa hiyo akishapoa mnaweza kumfunga mablanketi matano na akabaki wa baridi humohumo ndani.

Hita yenu ni kifua cha mama yake, na chako pia. Njia ya kangaroo, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu mashine za kutunzia njiti hazikutosha, na leo Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku. Kwa baridi ya huko, lengeni saa nyingi kadiri mtakavyoweza.

Avae nepi, kofia na soksi tu. Msimamisheni katikati ya matiti, kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi. Kichwa kigeukie upande mmoja na kidevu kiinuke kidogo. Kidevu kikilalia kifua njia ya hewa inabanwa, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote. Miguu ikunjwe kama ya chura, mikono nayo ikunjwe. Fungeni kitenge kwa nguvu sehemu ya kifua cha mtoto, ukingo wa juu uishie chini kidogo ya sikio lake. Tumboni msikaze, anahitaji nafasi ya kupumua. Juu yake mama avae sweta au koti la kufungua mbele. Kila mkimweka akae angalau saa nzima, maana kumtoa na kumrudisha kila mara kunamchosha na kumpoza. Usiku anayembeba alale chali ameinuliwa mgongo kwa mito, si bapa. Mama akioga au akila, baba unapokea.

Endeleeni hadi afike karibu kilo 2.5, au mpaka aanze mwenyewe kujinyonganyonga akitaka kutoka.

Nunueni kipimajoto cha kidijitali. Pimeni kwapani asubuhi, jioni na kila mnapomtilia shaka: 36.5 hadi 37.5 ni sawa. Chini ya 36.5, kangaroo mara moja, kofia, blanketi juu yenu wote wawili, anyonyeshwe, kisha mpime tena baada ya saa moja. Kama haipandi nendeni hospitali. Chini ya 35.5 msisubiri hiyo saa. Nendeni naye akiwa hapohapo kifuani. Nyayo zikiwa za baridi wakati tumbo lina joto, huo ni mwanzo wa kupoa.

Mama Lishe Wodi 4

Kuhusu maziwa. Kwa kilo 1.8, kadiria mililita 160 hadi 180 kwa kila kilo kwa siku. Hiyo ni kama mililita 290 hadi 325, yaani 36 hadi 40 kila baada ya saa 3, mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo. Njiti hulala akiwa na njaa, kwa hiyo msisubiri alie. Wekeni alamu. Asipoamka, mfungueni nguo, mbadilisheni nepi, msugueni nyayo.

Anyonye kwanza, kisha mmalizie kwa kikombe maziwa aliyokamua mama. Mtoto akae wima, ukingo wa kikombe ugusane na mdomo wa chini, maziwa yafike mdomoni tu ili ayalambe mwenyewe. Ukimmiminia yanaingia njia ya hewa. Mlo mmoja usizidi nusu saa, maana baada ya hapo nguvu anazotumia zinakula uzito aliopata. Kikombe kioshwe kwa sabuni na kichemshwe. Chupa ya nyonyo achaneni nayo, ni ngumu kusafisha.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye chumba chenye ubaridi kama wa kwenu. Kuyapasha, tumbukiza kikombe kwenye bakuli la maji ya moto, usiyabandike jikoni.

Mizani ndiyo itakayowaambia ukweli: aongezeke takriban gramu 27 kwa siku, karibu 190 kwa wiki. Katikati ya wiki hesabuni nepi zilizolowa, zisipungue 6 kwa siku.

Na bibi mwelezeni kwa heshima: tumbo la mtoto huyu linabeba mililita 40 tu. Kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa, na maji yanaweza kuleta kuhara. Maji na dawa ya chango hapana hadi miezi 6, na asali hapana hadi atimize mwaka mmoja.

Famasia Kona

Naongezea madini ya chuma, hapa watu wengi hukosea. Kwa njiti anayenyonya, dozi ni miligramu 2 hadi 4 za chuma halisi (chuma chenyewe, si uzito wa dawa nzima) kwa kila kilo kwa siku, kuanzia wiki ya pili hadi miezi 6. Kwa mtoto wenu, kiwango cha chini ni miligramu 3.6. Sasa tazama: dawa yenye miligramu 10 kwa mililita, hiyo ni mililita 0.36. Yenye miligramu 25 kwa mililita, ni kama 0.15 tu. Ukibadilisha chupa ukaendelea na kipimo kilekile, umempa zaidi ya mara mbili, na chuma kikizidi ni sumu. Daktari aandike miligramu, mfamasia aandike mililita kwa chupa hiyohiyo, na mtumie bomba la sindano la mililita 1, bila sindano yake, badala ya kijiko. Uzito ukiongezeka dozi ihesabiwe upya. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Ulizieni pia vitamini D.

Dada wa Kliniki

Msitoke wodini bila tarehe ya kurudi: siku 2 au 3 baada ya kuruhusiwa, kisha kila wiki hadi kilo 2.5.

Chanjo huhesabiwa kuanzia siku aliyozaliwa, kwa hiyo za wiki 6 zinakaribia. Ukuaji ndio unaopunguziwa zile wiki 8 alizowahi. Akiwa na miezi 4 mtazamieni mambo ya mtoto wa miezi 2.

Halafu macho. Aliyezaliwa chini ya kilo 1.5 anatakiwa kupimwa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) takriban wiki ya nne, yaani sasa hivi. Ulizeni leo ni hospitali gani ya rufaa inayopima. Mishipa ya retina inaweza kuharibika bila dalili yoyote mnayoiona kwa nje, na muda wa kutibu ni mfupi.

Baba Njiti

Asanteni sana, mkaa nimeachana nao. Safari ni saa moja na nusu. Nikodi gari au bodaboda ya taratibu inatosha? Na dalili gani ni za kukimbia usiku uleule?

Nesi wa Zamu

Gari, kaka. Upepo wa bodaboda utampoza, na vumbi nalo. Asafiri kwenye kangaroo, anyonye kabla ya kuondoka.

Usiku uleule mnaondoka kama: amegoma kunyonya milo miwili mfululizo, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika (hesabuni dakika nzima, akiwa ametulia, na mrudie), kifua kinabonyea ndani, anaguna kila akitoa pumzi, degedege, amelegea haamki, viganja na nyayo ni vya njano, joto ni 38 au zaidi. Midomo ikiwa ya bluu au akikaa sekunde 20 bila kupumua, msugueni mgongo hapohapo huku mkiondoka. Kutua kwa sekunde 5 hadi 10 kisha akaendelea, rangi ikiwa nzuri, ni kawaida ya njiti.

Andikeni ukutani namba ya dereva mliyekubaliana naye kuamshwa usiku, pamoja na 115, ya bure, ya usafiri wa dharura wa m-mama. Wageni wenye mafua wasalimie kutokea mlangoni.