Phoenix inchi 28 iwe ya sanduku mbele: bomba, usukani, breki

Kibubu28: Wakuu, heshima kwenu. Nataka kuikata Phoenix ya inchi 28 niweke sanduku mbele, kati ya usukani na gurudumu la mbele, na gurudumu hilo liwe la inchi 20. Mzigo ni madumu matatu ya lita 20. Njia ni vumbi na vichochoro ambavyo guta halipiti. Nitumie bomba gani, usukani naunganishaje, na breki za vyuma zilizopo zitafaa?

Grenda4: Mkuu, kurefusha fremu mafundi wengi watakupa skwea paipu (bomba la mraba) ya mm 40. Uzito itabeba, shida yake ni kujinyonga: ukikata kona na kilo 60, gurudumu la mbele linalala na la nyuma linabaki wima. Chukua 50×50, unene mm 2. Kwa unene uleule inahimili kunyongwa karibu mara mbili ya 40, nayo ni kilo 3 hivi tu kwa mita.

Halafu, maungio ya Phoenix yameungwa kwa shaba. Usichomelee kwa umeme juu yake: welding inajaa vitundu na baadaye inapasuka, na moshi wake ni sumu. Chomelea kwenye bomba tupu lililosafishwa kwa grenda. Vijiti viwe vya mm 2, ampia 45–60, cha 2.5 kinatoboa bomba la baiskeli upesi. Shika kwa nukta kwanza, vuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, ukinyooka ndipo umalize, kidogo upande huu kidogo ule, la sivyo joto linalivuta bomba.

MzeeGoroli: Usukani ndio unaowashinda wengi. Uma wa zamani ukate miguu, ubaki shina, yaani bomba lake linaloingia kwenye fremu. Chini ya shina chomelea mkono wa cm 8, na kwenye uma mpya mwingine wa cm 8, yote ielekee kulia. Unganisha kwa rodi ya mm 12 yenye boljointi (viungo vya goroli vinavyozunguka) za M8 ncha zote mbili. Bolti tupu kwenye tundu italegea, na usukani utaanza kucheza. Kabla ya kufunga sanduku, geuza hadi mwisho pande zote uone kama rodi inagusa tairi.

Pembe ya bomba linaloshika uma mpya iwe digrii 70 kutoka ardhini. Mstari wake ukiurefusha hadi chini, uguse ardhi cm 5 hadi 6 mbele ya pale tairi linapokanyaga. Umbali huo ukipungua sana, baiskeli inayumba hata njia ikiwa tambarare.

Kibubu28: Shukrani mzee wangu. Uma wa BMX, zile baiskeli ndogo za michezo za inchi 20, utafaa?

MzeeGoroli: Unafaa, ila pima. Ekseli ikiwa imesogea mbele ya shina mm 35 hivi, kwa digrii 70 unapata hizo cm 5 na nusu.

Rimu40: Breki za vyuma bakiza nyuma tu. Mbele hazifiki, na rimu ya inchi 20 si ya umbo lake. Tafuta uma wenye vishikizo vya V-breki (breki za waya zinazobana rimu pande mbili) na rimu ya alumini. Chuma kikilowa hakishiki. Waya wa breki pima kabisa, wa dukani huenda usifike.

Friwili (gia ya nyuma) ya meno 18 toa, weka 22. Kama gia ya mbele ni meno 44, pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara 2 badala ya 2.4, mlimani utaona tofauti.

Sakafu ya sanduku isizidi cm 30 kutoka chini. Stendi iwe ya miguu miwili, upana cm 45, chini ya sanduku. Na madumu yajae au yawe matupu, maana maji ya nusu dumu yanavuta usukani kila kona.