Kaniacha na kunifukuza, ndugu zake wanasema kwa dini yetu mke hana haki na nyumba. Ni kweli?

MamaBatuli
Asalaam aleikum wapendwa, naombeni msaada maana kichwa kinaniuma. Niliolewa ndoa ya kiislamu hapahapa Tanga, tuna watoto wawili, mdogo ana miaka mitano. Wiki iliyopita mume wangu kanipa talaka moja kwa karatasi na kaniambia nifungashe siku ileile niende kwetu. Nyumba tumejenga wote jamani, yeye alinunua kiwanja, mimi nikawa nauza chapati na vitumbua, nikipokea mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu, pesa zote zinaenda kwenye bati na milango, ila karatasi ya kiwanja ina jina lake peke yake. Sasa mawifi wananiambia nikidai nyumba nimeshaikataa dini, ati mwanamke wa kiislamu anaondoka na nguo zake tu. Na mahari yenyewe alitoa nusu, nyingine hadi leo sijaiona. Sitaki kumkosea Mungu lakini roho inaniuma. Nifanyeje?

AbuNasra
Waaleikum salaam dada, pole sana. Kwanza aliyekutoa nyumbani ndo kaenda kinyume na dini, sio wewe. Talaka moja ni rejea, yaani mume bado anaweza kukurudia, na upo kwenye eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka, na Suratut Talaq aya ya kwanza kabisa inawakataza waume kuwatoa wake zao majumbani wakiwa eda, ukiacha aliyefanya uchafu wa wazi. Unakaa humohumo na anakulisha mpaka eda iishe. Mahari iliyobaki ni deni, hata angekufa leo inatolewa kwenye mali yake kabla warithi hawajagawana chochote. Na aya ya 241 ya Al-Baqara inasema walioachwa wapewe cha kuwaliwaza. Hayo hatuyasikii kwenye mawaidha ya harusi, tunasikia mke amtii mume basi.

Kipanga_88
Ustadh yote sawa ila tusimdanganye dada wa watu. Sheria ya dini haina nusu kwa nusu. Mume ndo analazimika kulisha, kuvisha na kumpa mke makazi, mke hajalazimishwa kuchangia hata bati moja, sasa kiwanja cha mume nyumba inakuwaje ya mke? Hizo za kugawana ni sheria za serikali.

AbuNasra
@Kipanga_88 twende na hoja yako mpaka mwisho basi. Kama hakulazimishwa kuchangia, ina maana pesa ya vitumbua ilikuwa yake mwenyewe, na An-Nisaa aya ya 32 inasema wanawake wana fungu katika walichochuma. Hakusema anatoa zawadi. Kwa hiyo ama ana sehemu kwenye nyumba ama anadai pesa yake, kuondoka na nguo tu umeitoa kitabu gani? Watu wanaikumbuka dini pale inapowapa wao, ikimpa mwanamke wanaiita ya serikali!!

BintPongwe
Mi naongezea upande wa mahakama maana nimewasindikiza wengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatuhusu na waislamu wa bara. Kifungu cha 114 kinaruhusu mahakama kugawa mali mlizochuma pamoja, na inaangalia mchango wa pesa, mali au KAZI. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ndoa ya kiislamu hiyohiyo, ikasema hata kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu kwa sababu walisema mume alishampa pesa na yeye Bi Hawa akazitapanya, lakini wanawake waliofuata wamepata kupitia kesi yake. Anza baraza la usuluhishi wa ndoa, BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) wanalo, wakishindwa wanakupa hati unaenda nayo mahakama ya mwanzo. Daftari la mchezo, risiti za bati, fundi aliyepokea pesa mkononi mwako, kusanya sasa hivi kabla watu hawajaanza kusahau. Na mtoto wa chini ya miaka saba sheria inaanza na mama.

Mkunazini
Tahadhari kwa wasomaji wa Zanzibar, hiyo sheria ya 1971 huku haifiki, sisi tunakwenda kwa kadhi. Ila Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imempa kadhi uwezo wa kugawa mali kwa aliyechangia, kwa hivyo ushahidi wa mchango ndio kila kitu, tuwekeni risiti jamani.

MamaBatuli
Allah awalipe kheri, nimelia kusoma hapa. Daftari la mchezo anashika jirani yangu, kesho namfuata. Nasikia lakini ameshaanza kutafuta mteja wa nyumba, hapo inakuwaje?

BintPongwe
Nyumba ya familia haiuziki bila idhini ya mke, kifungu cha 59 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa. Kama kiwanja hakijapimwa andika barua leoleo kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba wewe ni mke na hujaridhia mauzo, akugongee muhuri kwenye kopi yako, mana mauziano mengi ya huku yanapita mezani kwake. Kama kina hati nenda ofisi ya ardhi waweke zuio. Na kama bado upo kwenu, rudi nyumbani ukamalizie eda yako.