Wajuvi wa kadi: hii Pikachu iliyokatwa kombo ni kosa la kiwandani au kuna mtu kaipitia na wembe?

Mwana_Tabata

Wakuu habari za jioni. Niende kwenye mada moja kwa moja.

Kuna jamaa yuko Upanga anauza kadi za Pokémon alizorudi nazo kutoka Uingereza alikokulia. Nimepitia kabrasha lake, nyingi ni za kawaida, ila moja imeninasa: Pikachu 58/102, ile seti ya mwanzo ya 1999 ya Wizards of the Coast, kampuni iliyokuwa inazitoa kwa Kiingereza. Imekatwa kombo. Picha imesogea kushoto hadi ule mpaka wa njano wa upande huo umeliwa wote, na kulia kumejitokeza ukanda wa kadi nyingine iliyochapwa jirani nayo, upana kama punje ya mchele. Anataka laki sita na nusu. Anadai Pikachu ya kawaida kila mtu anayo, lakini hii imekosewa kiwandani, na ikienda PSA, ile kampuni ya Marekani inayokagua kadi na kuzipa gredi hadi 10, itarudi na 9.

Naomba kujua mambo mawili. Nitajuaje kosa ni la kiwandani kweli? Na kadi ya namna hii hupewa gredi au hurudishwa? Picha ya mbele nimeambatanisha. Sijatoa hata mia.

Kimara_Mwisho

Laki sita na nusu kwa katuni? Mkuu hiyo ni kodi ya nyumba huku kwetu, na luku juu. Haya, nimekaa pembeni nasoma.

Mzee_wa_Kabrasha

Usimcheke, watu wanatafuta hasa vitu hivi. Ila Mwana_Tabata, hapo muuzaji amekuchanganyia maswali matatu: kadi ni halisi? Nani aliikata? Itapata gredi gani? Kadi inaweza kuwa halisi kabisa na bado ukatwaji wake ukawa wa uongo.

Uhalisi wenyewe hausumbui. Weka tochi ya simu nyuma yake. Kadi halisi ina tabaka jeusi katikati, mwanga haupenyi hovyo, na kwenye kingo unaliona kama mstari mwembamba. Feki nyingi zinang'aa kama karatasi ya daftari. Uzito uwe kati ya gramu 1.7 na 1.8, sonara yeyote atakupimia.

Kasheshe ni nani aliyekata. Mashuka mazima ya kadi, yale ambayo hayajakatwa, yaliwahi kutoka na yanauzwa. Mtu akilipata, anachukua rula na wembe anajikatia "makosa" anavyotaka. Karatasi ya Wizards, wino wa Wizards, mkono wa kishoka. Wenzetu wa nje wakigundua hivyo, bei inaporomoka.

Kuhusu PSA, kadi inayoonyesha kipande cha jirani inaweza kupewa namba yenye herufi MC pembeni, yaani imekatwa vibaya. Namba 8 yenye MC sokoni si sawa na 8 safi. Kosa likizidi hawatoi namba kabisa, na wakiona imepunguzwa, yaani mtu kaikata pembeni baada ya kutoka kiwandani, ndiyo mwisho wa habari. Kwa hiyo hiyo 9 aliyokuahidi ni maneno ya dalali. CGC, kampuni nyingine ya gredi, wao wamekuwa wakiandika kosa la kiwandani kwenye lebo, ndiyo maana watu wa makosa wengi huegemea huko.

Tuletee picha ya nyuma. Ya mbele peke yake haisemi kitu.

Fundi_Matbaa

Pokémon siijui, mwanangu ndiye anayeijua. Ila mimi niko matbaa Chang'ombe, kukata karatasi ndiyo ugali wangu, kwa hiyo nisikilizeni upande huo.

Kisu kikishuka kinakata mbele na nyuma kwa pamoja. Kama shuka lilikaa vibaya, pande zote mbili lazima zihame, na zihame kinyume ukigeuza. Mbele picha imeenda kushoto, basi ukiigeuza nyuma iwe imeenda kulia, kwa kiasi kilekile. Ukikuta nyuma imekaa katikati kabisa, tatizo si kisu. Labda shuka liliingia vibaya lilipokuwa linachapwa upande wa pili, au kuna ujanja.

Halafu angalia herufi kwa lenzi. Kwenye uchapaji wa kiwandani maandishi meusi huchapwa kwa wino mweusi mtupu, kingo zake zimekatika vizuri. Mtu akiskani kadi na kuichapa upya, herufi zinavunjikavunjika kuwa vidoti vya rangi. Huo mstari mdogo wa chini wenye majina ya Nintendo na Wizards ndio wa kuutazama kwanza, maana maandishi madogo hayadanganyi.

Mwana_Tabata

Asanteni sana. Nimerudi kwake leo na tochi. Mwanga haupiti, herufi ni nyeusi safi, na nyuma imehama kulia kama Fundi alivyosema. Picha hizo hapo. Jamaa kafurahi, kasema mnaona sasa. Kapandisha, laki saba 😅

BintiKariakoo

Kwa hiyo tumemsaidia yeye.

Mzee_wa_Kabrasha

Mwambie atulie. Hapo tumeondoa feki ya kuchapwa, basi. Iliyokatwa kwa wembe kutoka shuka halisi nayo itahama nyuma vilevile. Sasa ni kupima. Kadi za Pokémon ni milimita 63 kwa 88. Mashine ya kiwandani hata ikikata mahali pasipo, kwa kawaida hukata kipimo kilekile: picha ndiyo inahama, ukubwa unabaki. Usitumie rula ya shule. Nenda mtaa wa Gerezani kwa mafundi wa kuchonga vyuma uazime venia, kile kipimo chenye taya, upime upana juu, katikati na chini. Taya zisibane, utaumiza kingo na utailipa wewe.

Na kona. Zote nne ziwe na mviringo mmoja. Weka kadi ya kawaida ya seti hiyohiyo chini yake, uone kama zinafunikana.

Kimara_Mwisho

Yaani Pikachu anapelekwa Gerezani kama kranki shafti.

Sonara_Mdogo

Cheka tu. Kadi iliyowahi kuwa ghali kuliko zote duniani ilikuwa na kesi hiyohiyo. Ni ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli, kwenye seti ya T206 ya makampuni ya tumbaku Marekani, 1909 hadi 1911. PSA waliipa 8 mwaka 1991, mwaka huohuo kampuni ilipoanza. Ikanunuliwa na watu wakubwa, akiwemo Wayne Gretzky wa hoki, na mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyekuwa ameiuza zamani, akakiri mahakamani kwamba aliipunguza pembeni. Wataalamu walikuwa wameshaishika mikononi.

Kwa hiyo hata ikija ndani ya kasha la plastiki lenye lebo, usizubae. Namba ya cheti iingize kwenye tovuti ya kampuni, ulinganishe na kadi iliyo mbele yako. Makasha nayo yanaghushiwa.

BintiKariakoo

Swali la pembeni: mbona kuna kadi za zamani zilizokatwa kwa mkasi na zinapewa gredi?

Mzee_wa_Kabrasha

Hizo zilitengenezwa zikatwe nyumbani. Mfano Post za 1961, zilikuwa nyuma ya boksi la nafaka, mtoto anakata mwenyewe. Pale mkasi ni halali. Pikachu ya Wizards ilitoka kwenye pakiti ikiwa imeshakatwa, mkasi hauna kazi hapo.

Mwana_Tabata

Majibu ya venia. Urefu 88 pande zote. Upana juu 63.0, katikati 62.7, chini 62.3. Kona tatu zinafunikana na kadi ya kawaida, ya chini kulia imekuwa bapa. Kingo ya kulia ni nyeupe kuliko nyingine, na kwa lenzi kuna mahali wembe kama ulisita ukaanza tena.

Fundi_Matbaa

Mshazari peke yake usingenishtua, shehena ya karatasi ikijipinda chini ya kisu hutoa vitu hivyo. Ila kisu cha mashine hakisiti katikati ya safari. Kinashuka mara moja. Na ni upande uleule wenye kona bapa. Huo upande umeguswa na mtu.

Mzee_wa_Kabrasha

Naungana na Fundi. Inawezekana ilitoka kiwandani imehama kweli, kisha mtu akaunyoosha ule ukanda upendeze. Kwa mpangaji gredi haibadilishi kitu, imepunguzwa. Na kuituma Marekani si bure: usafirishaji, bima, ada inayopanda kadiri unavyotangaza thamani, halafu ikirudi bila karatasi za kuonyesha ilitoka hapa unaweza kubishana na forodha kuhusu VAT ya asilimia 18. Yote hayo ili uambiwe tulichokuambia bure.

BintiKariakoo

Mimi ningeichukua kwa elfu hamsini niiweke mezani. Ni kitu cha kuvutia, si lazima kila kitu kiende gredi.

Mwana_Tabata

Nilimwambia elfu sitini, kwa masharti kwamba akiiuza kwa mwingine amweleze hiyo kingo. Kakataa vyote viwili. Nimeachana nayo. Ila kanibembeleza nichukue Machamp yenye muhuri wa toleo la kwanza, laki mbili.

Mzee_wa_Kabrasha

Machamp wa seti hiyo alikuwa anawekwa kwenye boksi la kuanzia la wachezaji wawili, na wote walitoka na huo muhuri. Wamejaa duniani. Muulize bei ya kabrasha zima.