Mjadala: Sampuli ya kupima umri kwa kaboni-14 (kaboni inayopungua taratibu tangu kiumbe kife) achukue mchimbaji wa mabaki ya kale au mtu wa maabara?

Tabaka: Mimi nasema mtu wa maabara ashuke shimoni mwenyewe. Mchimbaji akiona mkaa anachagua kipande kinene, anakifunga kwa pamba, anakitia bahasha ya karatasi. Pamba na karatasi ni kaboni ya juzi! Kisha analalamika umri umetoka mdogo.

MwikoMkali: Pamba? Nani anafunga kwa pamba siku hizi? Mkaa unanyanyuliwa kwa ncha ya mwiko safi, si vidole, unafungwa kwa foili ya aluminiamu, unatiwa mfuko wenye lebo: namba ya tabaka, kina, mahali. Mtu wa maabara ataonyeshwa na nani tabaka la 7 linaishia wapi? Huko kwenye kiyoyozi udongo hauna mipaka.

Chekeche: Foili sawa, ila kasoro iko kwenye "kipande kinene" na hakuna aliyeigusa. Pete za ndani za mti ziliacha kupokea kaboni zamani. Gogo la miaka 300 likikatwa na kuchomwa, mkaa wa kiini utasoma karne tatu kabla ya moto wenyewe. Tafuta mbegu iliyoungua, hiyo ni ya msimu mmoja. Chekeche ya milimita 5 haiikamati: mimina udongo kwenye pipa la maji, koroga taratibu, kinachoelea kipitishe kwenye wavu wa robo milimita, anika kivulini. Ukianika juani mbegu zinapasuka.

Tabaka: Kiyoyozi kimeingiaje hapa? Hao wenye mwiko hata nusumaisha (muda wa kaboni-14 kupungua nusu) hawaijui, bado wanaandika miaka 5,568.

MwikoMkali: Na maabara zenu zinapigia hesabu kwa ngapi? 5,568 hiyohiyo ya Libby, aliyebuni kipimo hiki!

Chekeche: Hapo Mwiko kapatia. Thamani iliyo karibu na ukweli ni 5,730, lakini umri ghafi, yaani kabla ya kugeuzwa miaka ya kalenda, huripotiwa kwa 5,568 kwa makubaliano, ili matokeo ya zamani na mapya yalingane. Tofauti inarekebishwa wakati wa kugeuza kuwa miaka ya kalenda. Tabaka, futa.

Tabaka: Sifuti. Nawasema wanaochapisha umri ghafi kana kwamba ni wa kalenda.

Fuko: Mnagombania namba, panya anacheka. Mbegu huporomoka nusu mita ndani ya tundu lake. Kwangua ukuta wa shimo, nyunyizia maji kidogo. Tundu lililojaa hujitokeza kwa udongo laini wa rangi tofauti. Halafu pima mbegu mbili tatu, kila moja peke yake. Ukizichanganya unapata wastani usio wa mbegu yoyote.

MwikoMkali: Vipimo vitatu badala ya kimoja analipia nani, wa kiyoyozi?

Tabaka: Kiyoyozi tena!