Nguvu 95, ubora unacheza: mteja wa Goba ananipigia kila saa mbili usiku

Mbeba Ngazi
Wakuu, habari za muda huu. Nina mwaka wa pili kwenye kazi ya kufunga antena, mitaa yangu ni Mbezi, Makabe na Goba. Sijasomea, kazi nimeipata kwa kumbebea fundi ngazi mpaka akanizoea.

Wiki iliyopita nilimfungia mama mmoja Goba. Nyumba iko bondeni kidogo, na nyuma yake, kama hatua mia mbili hivi, kuna mnara wa simu. Nimeweka antena ya nje juu ya bomba la mita 6, busta (kifaa cha kukuza mawimbi) chini yake, waya mita 20, halafu spilita ya njia mbili: king'amuzi cha sebuleni na cha mpangaji wa uani. Asubuhi namaliza, king'amuzi kinasoma nguvu asilimia 95, ubora 70. Nikalipwa, na chai nikapewa.

Saa mbili usiku taarifa ya habari inaanza, simu inaita: "Mwanangu, mtangazaji amegeuka vijisanduku." Nimerudi mara tatu, na kila nikienda mchana picha ni safi. Naanza kuonekana tapeli.

Nguvu imejaa, kwa nini ubora unayumba? Na ninunue kifaa gani cha kupimia? Kariakoo nimeonyeshwa kile kidogo cha mshale kinacholia piii, bei yake nafuu. Mita zenye kioo zitameza mtaji wote.

Chuma Chakavu
Weka busta kubwa zaidi mkuu. Goba mabonde matupu.

Mlingoti wa Zamani
Kijana, hilo la busta kubwa liache kwanza.

Sisi wa enzi za analojia tulikuwa tunapima kwa mdomo. Mmoja juu ya bati anazungusha bomba, mwingine dirishani anapiga kelele: "Hapo hapo! Umepitiliza, rudisha!" Picha mbaya ilikuonyesha chenga, ukajua umebakiza kiasi gani. Hapa Dar analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na chenga zikaenda nazo. Dijitali haikuonyi. Picha inang'aa mpaka dakika ya mwisho, kisha inaganda. Kwa hiyo picha safi ya saa nne asubuhi haikwambii kama umebakiwa na akiba au umesimama ukingoni.

Hicho cha mshale kiache palepale dukani. Ni cha madishi, kinasikia masafa yanayoshuka kutoka kwenye kichwa cha dishi, kuanzia kama MHz 950 kwenda juu. Televisheni ya antena iko chini ya hapo, kuanzia MHz 470. Kitalia piii au kitanyamaza, vyote havina maana.

Mbeba Ngazi
Shikamoo mzee. Nilikuwa nimeshatoa na kianzio, bahati kijana wa duka amenirudishia.

Dada wa Desibeli
Kaka, tatizo lako liko kwenye kusoma ile mistari miwili ya king'amuzi. Nguvu ni wingi wa mawimbi yanayoingia, yawe mazuri au takataka. Ubora ni kiasi gani king'amuzi kinaelewa. Mtu anaweza kukupigia kelele sikioni usimwelewe neno. Na hizo asilimia kila kampuni inazipanga inavyotaka, 70 ya kwako si 70 ya king'amuzi cha jirani.

Tafuta mita inayosoma DVB-T2, mfumo wa televisheni ya dijitali ya antena, maana ndiyo inayotumika hapa kwetu. Ya DVB-T, mfumo wa kabla yake, peke yake haitafungua kitu. Uangalie namba mbili.

Ya kwanza ni kiwango, yaani wingi wa mawimbi yanayoingia, kwa kipimo cha desibeli (dBµV). Mimi kwenye tundu la king'amuzi napenda kati ya 45 na 70. Ukiona 80 na kuendelea, usishangilie, king'amuzi kinaanza kuzidiwa. Ya pili ni MER, inayosema mawimbi yamefika yakiwa safi kiasi gani. Hii ndiyo mshahara wako. Ikicheza chini ya 20 jiandae kupigiwa simu. Mimi sishuki paani kabla ya kuona 24, na nasubiri dakika kadhaa nione kama inatulia.

Sasa busta. Inakuza kila kinachoingia, pamoja na uchafu na mawimbi ya simu yaliyo jirani na masafa ya televisheni. Mnara wa hatua mia mbili ukiwa na watu wengi mtandaoni jioni, busta inajaa mpaka inaanza kutapika uchafu wake yenyewe. Nguvu inapanda, MER inashuka. Sijafika kwa huyo mama, lakini hapo ndipo ningeanza.

Nenda jioni. Pima kwenye mdomo wa antena, kabla ya busta, waya na spilita. Kisha shuka hatua kwa hatua ukiandika. Waya mzuri wa RG6 wa mita 20 unakula kama dB 4, spilita ya njia mbili nayo kama 4. Ukikuta umepoteza 15, kuna konekta imeingia maji au waya umebanwa na bati.

Kigamboni Upepo
Naongezea kuhusu konekta. Huku kwetu chumvi ya bahari haina utani, ndani ya mwaka inageuka kijani. Ifunike vizuri, na waya uuache ulegee kidogo kabla haujaingia ndani, maji yadondokee hapo.

Na ukipima, mita isipeleke umeme wa dishi, ule wa volti 13 au 18, kwenye antena. Nimeshaunguza busta ya mtu namna hiyo. Nililipa.

Chuma Chakavu
Sawa, nimekaa kimya. Ila asiye na hela ya mita afanyeje?

Dada wa Desibeli
Aazime. Au abebe televisheni ndogo na king'amuzi kilekile kila kazi, afungue ukurasa wa mawimbi, aangalie ubora peke yake huku antena inazungushwa taratibu. Kwa kuwa kifaa hakibadiliki, ataweza kulinganisha nyumba na nyumba. Na apitie chaneli za kila kifurushi cha masafa, yaani kundi la chaneli zinazorushwa pamoja kwenye masafa mamoja, moja haitoshi.

Mbeba Ngazi
Mrejesho. Nimeazima mita kwa fundi wa Kimara kwa elfu kumi, nikapanda saa moja na nusu jioni na tochi mdomoni. Kwenye king'amuzi, na busta: 86, MER inacheza 15 hadi 18. Nikaing'oa, nikaunga waya moja kwa moja. Kiwango kikaanguka mpaka 54, MER ikapanda 25 na ikatulia. Nguvu kwenye king'amuzi sasa inasoma 60, mama akasema nimemharibia. Nikamwambia tusubiri taarifa ya habari. Tumekaa mpaka michezo ikaisha, hakuna kijisanduku.

Kwa mpangaji bado, MER ni 21. Waya wake ni ule mweupe mwembamba, umeungwa kwa selotepu juu ya dari. Kesho nauvuta mwingine. Hela ya busta namrudishia mama, sina la kujitetea.

Chuma Chakavu
Hiyo busta sasa unaiuza bei gani?