Prototaipu siyo app iliyokamilika, mabosi mnatuchosha!

Wakuu leo acha niseme tu maana nimefika shingoni. Hivi hawa mabosi na wateja wetu nani aliwaambia prototaipu, yaani mfano wa kujaribia app kabla haijajengwa, ikishakuwa na rangi na logo basi kazi imeisha, imebaki kuiweka hewani? Juzi tumeonyesha moja ya Figma, ile programu ya kuchorea muonekano wa app, ni skrini zimeunganishwa tu ukibonyeza hapa unatokea pale, nyuma hakuna seva wala data yoyote, mtu anatabasamu anauliza "kwa hiyo wiki ijayo tunazindua?" Tunazindua nini sasa, picha?

Na ukipeleka michoro ya kalamu kwenye karatasi unaonekana kilaza. Wakati Jeff Hawkins, yule aliyebuni PalmPilot, kompyuta ndogo ya mkononi ya miaka ya 1990, alizunguka na kipande cha mbao mfukoni na kijiti anajifanya anaandika, ajue tu kama kitu cha ukubwa ule mtu atakubali kutembea nacho. Mbao jamani! Na kwa swali alilokuwa nalo ilimtosha kabisa. Sisi tunalazimishwa kuweka vivuli na animesheni kabla hatujajua kama mtu anaiona hiyo batani ya kulipa.

Sasa ukimkalisha mtumiaji ajaribu, anakwambia bluu imekolea, wewe ulitaka ujue kwa nini amekwama kwenye fomu. Na humo ndani ya prototaipu kila kitu kinapendeza kwa sababu majina yote mafupi, hakuna anayekosea paswedi, intaneti haikatiki, hakuna orodha iliyo tupu, yaani dunia ya malaika. Ngoja aje binadamu mwenye majina matatu marefu uone yanavyomeguka katikati, akibonyeza kurudi nyuma alichojaza chote kimefutika.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti na programu, aliandika tangu 2000 kwamba ukijaribisha na watu 5 tu utayaona matatizo mengi, unarekebisha, unaita wengine 5. Watu 5!! Hapo utaambiwa muda hakuna, ila muda wa kubishana kona za batani ziwe za mviringo kiasi gani upo, kikao kizima. Mwisho wa siku developa anabomoa alichokwisha kujenga na lawama zote anabeba dizaina.

Mi siku hizi kila skrini naandika kwa herufi kubwa nyekundu HUU NI MFANO TU. Kuna mmoja kaniuliza kama hayo maandishi tunaweza kuyabadilisha fonti.